Gari Tulilolijengea Ukuta

Mwanangu Zuhura,

Shikamoo yako ya kesho asubuhi nimeipokea tangu sasa, marahaba. Naipokea mapema kwa sababu sijui kama kesho tutaamkiana vizuri, kwa jinsi tulivyoachana leo jioni.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kujifunga kanga ya pili ukitoka nje usiku. Wewe ni mwalimu sasa, una cheti, na hayo nimekuimbia mpaka umeyachoka. Nataka tuzungumze lile ulilosema ulipokuwa unafunga godoro. Ulisema, "Mama, kesho nitapanda basi. Naomba usinipeleke Lusu na lile gari." Umelitamka "lile gari" kama mtu anayemtaja mlevi wa ukoo. Nami nikanyamaza. Umeishi na mimi tangu uzaliwe, unajua kunyamaza si kazi yangu. Ningefungua mdomo pale ningepiga kelele mpaka majirani watoke, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sababu zako nimezisikia. Unakwenda kufundisha katika kijiji cha ujamaa, watu wanalima pamoja, na hutaki siku ya kwanza wamwone mwalimu wao mpya akishuka kwenye gari la mbio lenye viti vya ngozi. "Watasema nimetoka kwa mabwanyenye, mama." Mabwanyenye! Mimi, niliyekulea kwa cherehani mpaka miguu ikavimba! Haya. Kaa nikupe habari ya gari hilo, maana umeijua nusu tu, na hiyo nusu uliyoijua niliiharibu mimi mwenyewe.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mpagazi. Wewe hukumkuta. Alikuwa na nundu begani, ngumu, pale mzigo ulipokuwa ukikaa, na nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kumkanda hiyo nundu kwa mafuta ya nyonyo. Alibeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, akarudi amebeba vitambaa vya watu na shanga za watu. Siku moja nikamwuliza, babu, huko njiani kote uliona nini? Akafikiri, akanijibu, "Visigino vya mwenzangu aliyenitangulia." Nilicheka siku ile. Nilipokuwa mtu mzima nikaacha kucheka.

Uhuru ulipokuja, baba yako alikuwa amekwishamfuata yule mwanamke wa Kigoma, Mungu awape maisha marefu, na mimi nilikuwa na cherehani zangu na wasichana wawili wa kunisaidia. Nilishona magauni ya harusi za watu na sare za watoto wa watu. Mambo yaliponyooka kidogo, kila mtu akawa na ushauri. Jenga nyumba ya uani upangishe. Nunua ng'ombe umpe shemeji yako Igunga akufugie. Shoga zangu wakasema niolewe tena. Nikawaambia nataka gari. Wakasema, vizuri, nunua lori, litazaa. Nikasema sitaki gari la kuzaa, nataka gari la kuendesha. Walinitazama wakadhani nimerogwa.

Nikapanda treni mpaka Dar es Salaam. Kwenye duka la magari nilimkuta kijana muuzaji, suruali imenyooshwa vizuri. Alilitazama buibui langu, akauliza mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia unazungumza naye. Akachungulia nyuma yangu, labda mume amejificha. Kisha akanionyesha pikapu. Nikakataa. Akanionyesha gari moja la rangi ya vumbi, limechoka toka kiwandani, akasema, "Hili litakufaa mama, halina papara." Nikamwuliza nani amekuambia mimi sina papara?

Nilikuwa nimekwishaliona langu pembeni. Dogo, milango minne, rangi ya damu ya mzee, limeinama mbele kidogo kama mtu anayetaka kuondoka. Kijana akaniambia hiki ndicho kitinda mimba cha kiwanda kinachotengeneza magari ya wafalme na mawaziri, kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoanza. Nikamwambia basi sawa, na mimi ninaanza. Akaeleza kwamba yapo ya namna mbili. Lipo la kawaida, na lipo lenye kaburata mbili, springi ngumu, matairi mapana, giya fupi ya sakafuni na saa ya pili mbele ya usukani inayoonyesha injini inavyozunguka. Nikauliza faida yake ni nini. Akajibu, "Kusema kweli mama, faida yake ni kwamba linakwenda mbio. Basi." Nikasema nataka hilo.

Akashtuka mpaka akanihurumia. Akanieleza kwa upole kwamba barabara za bara ni mbovu, kwamba springi zile ni za lami, kwamba mafuta yatakwenda sana. Alikuwa anasema kweli tupu. Nilimwelewa vizuri, na bado nikalitaka. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize, Zuhura. Maisha yangu yote nilikuwa nimechaguliwa la kawaida na watu wanaonihurumia. Baba alinichagulia mume wa kawaida. Shoga zangu walinichagulia nyumba ya kupangisha. Siku ile nilichagua mwenyewe, na nilichagua kwa sababu nilitaka, hakuna sababu nyingine, wala sikuitafuta.

Mjomba wako Hamisi, aliyenifundisha kuendesha katika lori lake la asali, alitaka tulipakie kwenye behewa. Nikasema ng'o. Tulitoka nalo pwani tukapita Morogoro, Dodoma, Manyoni, tukaingia ile barabara ya Itigi, njia ile ile ya wapagazi isipokuwa pale inapokwepa vilima. Zile springi ngumu, nikuambie ukweli, zilinitoa machozi. Mjomba wako alipigwa kichwa kwenye paa mpaka kofia yake ikawa chapati. Alinitukana kuanzia Manyoni. Lakini tulipopita Tura tukapata mahali pamenyooka, mchanga umeshikana baada ya mvua, mbele hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hakuna kisigino cha mtu yeyote. Nikakanyaga mafuta. Ile saa ya pili ikapanda, injini ikaanza kuimba, na mjomba wako akaanza kusoma dua kwa sauti. Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi furaha ambayo sikuipata siku ya harusi yangu, na nililia huku naendesha.

Hapa mjini unajua yaliyotokea, ulikuwa mtoto lakini unakumbuka. Watoto walilikimbilia kila kona. Wanawake wa mtaa walisema nimepata bwana Mgiriki mwenye shamba la tumbaku. Nilikupeleka shule nalo, na wewe siku zile ulikuwa unatoa mkono dirishani unawapungia wenzako kama mke wa gavana. Ulilipenda. Usikatae, ulilipenda kuliko mimi.

Kisha likaja Azimio. Nililisikiliza redioni kama watu wote, na nakwambia bila kuogopa mtu, nililipenda. Lilisema watu wasinyonyane, nani atakataa? Tena makatazo yale yaliandikwa kwa ajili ya viongozi, na mimi niliongoza nini zaidi ya sindano? Lakini mtaani watu walisoma la kwao. Maneno mapya yakatoka: kupe, mnyonyaji, mirija. Asubuhi moja nikakuta mtu ameandika KUPE kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Sudi, akaja barazani, akanywa kahawa yangu, akasema, "Mama Zuhura, si mimi, unanijua. Ni watu. Gari lile linawaumiza macho."

Nikaogopa. Haya, nimekiri. Mimi niliyemjibu yule kijana wa Dar es Salaam niliogopa neno lililoandikwa kwa kidole. Mjomba wako akaja na akili yake: tulifiche Kwihara, kwenye tembe la babu. Tembe lile unalijua, kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, vyumba vimezunguka uwanja. Zamani pembe za wafanyabiashara ziliwekwa mle na hakuna aliyejua zimelala chumba kipi. Tukapanga tubomoe ukuta wa nyuma usiku, tuliingize gari, tujenge ukuta, tukandike udongo, watu wakiamka waone ukuta tu.

Sasa nikuulize wewe mwalimu. Umewahi kuona mtu wa Kwihara anakandika ukuta peke yake? Tulisahau desturi yetu wenyewe! Kulipokucha tulikuwa tumefika magotini, Hamisi na mimi, udongo mpaka masikioni, mara akatokea Bibi Nyamizi, jirani wa karibu, na ndoo ya maji kichwani. "Mwangaluka," akatuamkia. Hakuuliza kitu. Aliona watu wanakandika, akaleta maji, ndivyo alivyolelewa. Nyuma yake wakaja wakwe zake, kisha vijana wa kukanyaga udongo, kisha mtu akaleta pombe ya mtama. Saa nne asubuhi nusu ya kijiji ilikuwa pale inatusaidia kuficha siri yetu, wanaimba, wanakandika, na kupitia pale ambapo ukuta haujafika juu taa za gari zinawatazama. Hamisi alikaa chini akashika kichwa.

Na unajua hakuna aliyesema? Mpaka leo sijasikia. Wageni wa Chama walipopita Kwihara wakihesabu mali, walipewa maziwa na wakasifiwa viatu.

Hilo ndilo la kuchekesha, na umelicheka mara nyingi. Sasa la pili, ambalo hatujawahi kulizungumza. Jioni ile nilirudi mjini nikakuweka kitini, nikakuambia shuleni wakikuuliza useme gari limeuzwa. Ukaniuliza, "Kwani tumeiba, mama?" Nikakuambia nyamaza, sema limeuzwa. Ukaenda ukasema. Ulikuwa na miaka kumi na moja, na ulisema vizuri sana, kwa macho makavu, mpaka walimu wakaniletea pole dukani. Nilijivunia jinsi ulivyokuwa hodari wa kusema uongo ule.

Nimeishi na watu wanaonilaumu kwa kununua gari. Kununua sijutii, hata waniandikie kaburini. Ninachojutia ni ule ukuta. Nilikufundisha kwamba kitu alichokipata mama yako kwa mkono wake, alichokipenda waziwazi, ni uchafu wa kufukiwa. Leo ulipoinama kwenye godoro ukasema "lile gari" hukunitazama usoni, nami nikajua umeyapata wapi. Hukuyatoa chuoni, wala kwenye vitabu vyako vya siasa. Umeyatoa kwangu.

Gari likakaa mle miaka miwili. Nilikuwa nakwenda Kwihara kwa miguu, nasema naenda kumwona Hamisi, naishia kuegemea ule ukuta. Aliyenitoa pale ni Bibi Nyamizi. Alinikuta nimeegemea, akaweka jembe chini, akasema, "Wewe, tunalitoa lini? Maji ya ukuta huu niliteka mimi kisimani, mgongo unaniuma mpaka leo. Nataka kupanda." Nikamwambia bibi, watu watasema. Akanitazama kama mtu anayetazama kuku mgonjwa. "Watu gani tena? Sisi si ndio watu?"

Tulilitoa siku ya pili yake, mchana, jua la utosi. Kijiji kizima kikaja kubomoa walichokijenga. Panya walikuwa wametafuna kiti cha nyuma, paa lilivuja likaacha mistari ya udongo mpaka kwenye usukani, na nyaya zilihitaji fundi wa kutoka karakana ya reli ashinde nazo mpaka alasiri. Lakini lilipowaka, mwanangu, lilinguruma mpaka mbuzi wakakata kamba. Nikamweka Bibi Nyamizi mbele. Nikampeleka mpaka njia kuu ya mjini, nikamwuliza, bibi, niongeze? Akasema ongeza. Nikaongeza. Akasema ongeza tena, huyo mwanamke mwenye umri wa mama yangu, mtandio umepeperuka, meno mawili yako nje! Kisha nikaingia nalo mjini saa ya watu kutoka kazini, nikapita mbele ya nyumba ya Mzee Sudi, nikapiga honi.

Usidhani nilishangiliwa. Nilinyang'anywa kazi ya sare za shule, ile iliyotulisha. Kikundi cha akina mama kilinivua utunza hazina, na aliyesimama kunisema vibaya zaidi ni mwanamke niliyemshonea gauni la harusi bure. Tulikula mlenda na ugali mwezi mtukufu mzima, wakumbuka? Iliniuma. Bado inauma. Lakini nilikuwa nalala usingizi, na hiyo miaka miwili ya ukuta nilikuwa silali. Wewe hukupanda tena. Kila siku ulisema unapenda kutembea.

Kwa hiyo mwanangu, nenda Lusu. Siucheki ujamaa wako hata kidogo. Wewe umeusoma, mimi ujamaa wenyewe ulinimwagia maji kwenye udongo pale Kwihara, ukanywa pombe ya mtama, ukaficha siri yangu bila kuombwa, kisha ukadai zamu yake ya kupanda mbele. Wale hawakunitaka niwe maskini kama wao ndiyo wanipende. Ukiwakuta watu kama hao huko, lima nao mpaka mikono itoe malengelenge. Ukimkuta yule anayekuja na kidole kuandika kwenye vumbi la mtu, usimwogope, hata akiwa na cheo, hata akisema maneno mazuri kuliko yako.

Na ipo siku utataka kitu. Sijui nini. Mume asiye wa dini yetu, shahada ya ng'ambo, redio kubwa, kukaa peke yako. Watu wenye huruma watakuchagulia la kawaida, na sababu zao zitakuwa za kweli. Wasikilize, wape kahawa, kisha chukua lako mchana. Ukilipata, usilifiche hata kwa ajili yangu. Mimi nikilichukia, nitasema, unanijua, na wewe utanijibu, na maisha yataendelea.

Kuhusu kesho, nimeshakata shauri. Panda basi lako. Sitakubeba mkononi nikuweke garini, wewe si mtoto, na nauli nimekwisha kuiweka juu ya sanduku lako. Lakini Lusu nakwenda. Nataka kuiona nyumba watakayokupa, nataka kuwaamkia wazee wa kijiji, na sina nia ya kwenda kwa miguu. Basi lenu litatoka mapema na mimi nitakunywa chai yangu kwanza, polepole. Barabara ya Nzega imepitishiwa greda juzi juzi na najua vizuri sana jinsi ya kuitumia.

Kabla hamjafika Nzega mtasikia honi nyuma yenu. Usiiname chini ya kiti. Nitawapita upande wako, dirisha langu wazi, na abiria wote watasimama kutazama ni mwendawazimu gani huyo mwenye buibui. Yule aliyekaa karibu yako atakuuliza. Usimwambie limeuzwa, Zuhura. Mwambie, "Yule ni mama yangu."

Mimi mamako,
Bi Tausi binti Hamadi,
Tabora